Lenzi Iliyonunuliwa kwa Friji

Wewe ulipita pale. Usiseme hukupita. Ulikuwa ukitoka Ukunda kwenda Galu, ukaliona lango la chuma la rangi ya kijani lililokatiza njia ambayo bibi zao watu wa Mwabungo walishukia pwani kabla ya lami kujulikana. Mbele ya lango alikuwa amekaa mwanamke, mguu ameuzungushia leso, na leso imelowa damu. Ulimwona. Ukageuza shingo, ukajifanya unatazama minazi, kama mtu ambaye hajapata kuona mnazi tangu azaliwe.

Basi jua kwamba mwanamke yule ana jina. Anaitwa Mbodze. Alizaliwa Samburu ya Kinango, kwenye mbuzi na vumbi la malori, akaolewa Mwabungo, akajifunza bahari ukubwani. Kazi yake ni pweza. Maji yakipwa, huteremka mwambani na wanawake wenzake, kila mmoja na ufito wake wa chuma, wakichokoa mashimo ya matumbawe. Asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa tisini na saba, Bwana Jethro, mwenye lango lile na nyumba za wageni mkabala na mwamba, aliwafungulia mbwa wawili. Wageni wake, alisema, hawakuja Diani kutazama vikapu vya pweza. Wanawake wenzake walikimbia. Mbodze aliteleza, na nyama ya shavu la mguu wake ikabaki mdomoni mwa mbwa.

Mtu mmoja hakugeuza shingo. Concepta ni mwanamke wa bara aliyeteremka pwani akiwa na miaka kumi na minane kuosha vyombo hotelini, akajifunza kamera mwenyewe kwa kuharibu filamu za watu, na sasa ana studio ya chumba kimoja Ukunda, nyuma ya kinyozi. Siku ile alikuwa ufukweni akiwapiga picha wageni wawili waliokuja fungate. Akasikia yowe. Akageuka na kamera yake yenye lenzi fupi, ile ya harusi na vitambulisho, akabonyeza mara tano kutoka mbali, hatua mia mbili hivi, bila kungoja kamera itulie.

Halafu akafanya kosa lililomla roho mwaka mzima. Alirudi studio, akaisafisha filamu, akafanya kama afanyavyo kila mpiga picha wa Ukunda: akaikata vipande vya picha nne nne ili iingie kwenye bahasha, na zile mbili zenye ukungu akazitupa kwenye ndoo. Mteja hanunui ukungu. Mkono ulitupa kwa mazoea, kama mkono wa mchuuzi unavyotupa embe bovu bila kuuliza kichwa. Kumbe katika hizo mbili zilizotupwa ndimo alimokuwa Jethro na mkono wake kwenye mnyororo.

Mahakamani Kwale, Jethro aliapa kwamba siku ile alikuwa Nairobi na mbwa walijikatia mnyororo wenyewe. Shahidi wake alikuwa Diwani Mwinga. Ndiyo, diwani wa upande uleule wa akina Mbodze, aliyekuja kuwapa pole na kuwaambia wawe na subira.

"Nilizungumza naye kwa simu asubuhi ile," Diwani akasema. "Alikuwa Nairobi. Haki ya Mungu."

Wakili wa Jethro akainyanyua picha ya Concepta juu, akaigeuza upande huu na huu. Ilikuwa mchanga, bahari, na katikati doa refu lenye madoadoa.

"Mheshimiwa, huyu aweza kuwa mteja wangu. Aweza kuwa mnazi. Aweza hata kuwa mimi!"

Mahakama ikacheka. Karani akacheka. Hata mwendesha mashtaka, ambaye ushahidi ulikuwa wake, alificha meno nyuma ya faili.

"Ulipiga picha ngapi, bibi?" wakili akauliza.

"Tano."

"Hapa naona tatu. Mbili ziko wapi?"

"Nilizitupa."

"Alizitupa! Mheshimiwa, sina swali jingine."

Kesi ikafutwa. Kwenye ngazi za nje Jethro alimpita Concepta akinukia manukato, saa yake kubwa ya dhahabu ikicheza mkononi, akasimama kidogo. "Mpiga picha, ukiitaka sura yangu, sogea karibu. Mbwa wangu watakupokea." Akaenda zake gari lilipo.

Mbodze alikuwa amesimama kando, ameegemea fimbo. Alimtazama Concepta usoni. "Umelia, mwanangu?"

"Sijalia, mama."

"Vizuri. Machozi hupoza. Usipoe."

Hakupoa. Kile kicheko alikwenda nacho nyumbani, akalala nacho, akaamka nacho. Watu wengine huweka akiba ya mahindi darini. Concepta aliweka kicheko cha watu arobaini na tatu, kila mmoja akimjua kwa uso na kwa kiti alichokalia.

Ushindi ulimvimbisha Jethro kichwa. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi, mbwa waliachiwa. Alikuwa akiwafungua mwenyewe, kwa sababu mbwa wale hawakumtii mtu mwingine, na kwa sababu alipenda. Lakini akiona mtu mwenye kamera karibu na ukuta wake, mbwa hufungiwa ndani, naye hutoka kibarazani akapunga mkono kama padri. Kumnasa kulitaka jicho lililo mbali asilolishuku.

Concepta akaenda kwa Austine. Huyu ni kijana wa Nairobi aliyekuwa mpiga picha wa hoteli moja kubwa ya Diani, mwenye lenzi nyeupe, nene kama sufuria ya ubwabwa, mali ya hoteli.

"Niazime asubuhi moja tu," Concepta akamwambia.

"Wee Concepta, wacha zako! Jethro anakula lanchi na bosi wangu kila Jumapili. Nikupe hii halafu mimi nikauze njugu?"

"Basi nitatafuta yangu. Ziko za bei ya chini, za kuvuta mpaka milimita mia tano."

Austine akacheka mpaka akashika ukuta. "Zile? Sistee, zile ni bomba la maji limetiwa vioo. Ukivuta mpaka mwisho unapata supu. Ndege anakuwa jani, jani linakuwa moshi."

"Mimi sitafuti ndege. Natafuta mbwa."

"Hata tembo hutampata."

Kicheko cha arobaini na nne. Concepta akakiweka pamoja na vingine.

Friji yake, aliyoinunua kwa jasho la miaka sita, ikaenda kwa muuza soda wa njia panda. Concepta akavuka feri Likoni, akarudi na boksi la lenzi. Mwenye duka kule Mombasa, mzee wa maneno machache, alikuwa amemwambia hivi: "Hii haina haraka, binti. Mwenye haraka na anunue ile ghali."

Filamu ya kwanza ilikuwa supu kweli. Alipima hatua mia na sabini kutoka tangazo la soda lililo kando ya uwanja, akaisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akavuta lenzi mpaka mwisho, saa sita mchana, akapiga. Alipoisafisha, herufi zilikuwa zikiogelea. Austine alipita studio, akaichungulia picha iliyokuwa ikikauka kwenye kamba.

"Si nilikuambia? Rudisha bomba, uchukue friji yako."

"Pita, Austine. Unaniziba mwanga."

Lakini safari hii hakutupa hata picha moja. Aliziweka zote, za ukungu na zisizo na ukungu, na kila moja akaiandikia katika daftari: saa ngapi, hatua ngapi, lenzi imevutwa kiasi gani, kitundu cha kupitishia mwanga kimefunguliwa kiasi gani. Akapiga filamu ya pili, ya tatu, ya saba. Na hiyo lenzi ya maskini ikaanza kumweleza masharti yake, mojamoja, kama mganga asiyependa kuulizwa mara mbili.

Usinivute mpaka mwisho, ilimwambia. Ishia mia nne na kidogo, hapo nina macho. Usiniache wazi, nifunge kitundu mpaka namba kumi na moja, nitakuonyesha herufi. Saa sita mchana usinisumbue, maana fukuto la mchanga hutetemesha hewa, na hapo hata lenzi nyeupe ya Austine hulewa. Kwenye ngalawa usinipandishe. Na miguu hii mitatu uliyonunua inatikisika kwa upepo; nilaze juu ya gunia la mchanga, nitatulia.

Kitundu kikifungwa hivyo, lenzi hutaka mwanga mwingi. Lenzi ghali huweza kuona hata kwenye kiza cha msitu. Hii ya bei ya chini ina kiu ya jua. Concepta aliposoma mstari huo katika daftari lake alicheka peke yake, kicheko chake mwenyewe safari hii. Pwani hii tumenyimwa njia, tumenyimwa mwamba, tumenyimwa haki. Jua bado hajapatikana wa kulitilia lango.

Filamu ya kumi na mbili, iliyopigwa saa mbili kasorobo asubuhi, ilionyesha tangazo lote, mpaka misumari iliyolishikilia.

Alikwenda Mwabungo jioni ileile. Mbodze alikuwa akiponda pweza kwa mti kumlainisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako una habari."

"Lenzi inaweza. Lakini inataka mambo mawili. Inataka bamvua ianzie asubuhi, jua likiwa bado chini na hewa haijachemka. Nitakaa mwambani, mgongo kwa jua. Jethro akitazama upande wangu ataumizwa macho tu."

"Na la pili?"

Concepta akautazama mguu wa Mbodze wenye kovu.

"La pili ni mimi," Mbodze akasema, akiendelea kuponda. "Hatafungua mbwa kwa ajili ya kaa. Sema tu, mwanangu, mbona unatafuna ulimi?"

"Wakikuuma tena, mama?"

"Mguu mmoja wameshaula. Huu wa pili natafutia kisasi. Kuna kidimbwi pale mwambani, maji ya kiuno, kimejaa miiba ya baharini; sisi tunavaa raba, mbwa hawaingii. Nitasimama ukingoni. Mwone huyu!" Akamnyooshea Concepta ule mti wenye utelezi wa pweza. "Sikiza vizuri. Ukiona mbwa wananijia, ukaiacha hiyo kamera uje mbio kuniokoa, mimi na wewe tumekosana mpaka kiyama. Watu wa kukimbia nimewaona wengi. Wewe bonyeza."

Siku ya pili ya bamvua ya Oktoba waliteremka wanawake sita, kupitia ufuko wa Galu, wakizunguka mbali kwa sababu ya lile lango. Watano walikuwa na vikapu vya pweza. Wa sita, Concepta, alikuwa na kikapu chenye kamera, na gunia dogo kichwani, amejitanda leso kama wenzake. Alichagua jiwe la matumbawe lililoinuka, akalaza gunia, akalaza lenzi, akaifunika kwa leso nyingine mpaka likabaki jicho lake tu. Hatua mia na sabini mpaka kibaraza cha Jethro. Alikwisha kuzipima mara mbili siku nyingine, akijifanya anaokota makombe.

Maji yalikuwa bado yanateremka, yakimlamba magoti. Saa mbili kasorobo. Jua mgongoni.

Jethro alitoka. Katika tundu la kuchungulia la kamera alikuwa mkubwa, karibu sana, hata Concepta alirudi nyuma kidogo kama mtu aliyeguswa. Shati jeupe, saa ya dhahabu. Mbwa wawili, kila mmoja kwenye mnyororo wake. Aliwatazama wanawake mwambani, akasema neno ambalo halikufika.

Concepta akabonyeza. Akavuta filamu. Akabonyeza.

Jethro aliinama, akashika ndoano ya mnyororo wa kwanza. Kidole gumba kikaikandamiza. Bonyeza. Ndoano ikafunguka. Bonyeza. Mbwa akatoka kama jiwe la teo. Bonyeza. Mnyororo wa pili. Bonyeza, bonyeza. Na Jethro akainuka na minyororo miwili mitupu mkononi, akacheka, kinywa wazi, uso mzima kwenye jua.

Bonyeza.

Yowe likapanda. Concepta alilijua lile yowe. Kila msuli wa mguu wake ulitaka kuinuka. Pembeni ya macho aliona vivuli viwili vyeusi vikirusha maji, akamwona Mbodze amesimama wima ukingoni mwa kidimbwi, ufito ameunyoosha, hakimbii. Bado mama, bado. Wengine wakaingia majini kwa vishindo. Mbwa wa mbele akaruka, akanasa leso ya Mbodze, akaivuta. Mbodze akaiachia, akabaki na gauni, akarudi nyuma hatua mbili na maji yakampokea. Mbwa akasimama ukingoni akibweka, leso mdomoni, miiba imemzuia.

Concepta hakuinuka. Alilia, naam, hapo alilia, machozi yakitia ukungu kwenye tundu la kamera, na bado akabonyeza mpaka filamu ikagoma.

Walirudi kwa njia ya Galu wamelowa. Mbodze alikuwa na mchubuko mmoja wa kiganja. "Umempata?" akauliza.

"Sijui, mama. Filamu haisemi mpaka iogeshwe."

Aliiogesha mwenyewe, mchana uleule, katika chumba chake cha giza, kwa kuwa filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe na hakutaka mkono wa maabara yoyote. Alipoinyanyua kwenye mwanga, mkasi ulikuwa mezani. Aliuchukua, akautupa nje ya mlango kwa kinyozi. Filamu ile haikukatwa. Picha thelathini na sita, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, utepe mmoja mrefu kama ulivyotoka katika kamera.

Namba kumi na moja: mkono kwenye ndoano. Kumi na mbili: ndoano wazi. Kumi na tatu: mbwa hewani. Kumi na saba: Jethro anacheka. Aliikuza hiyo kumi na saba mpaka ikajaa karatasi, akaitia kwenye dawa, akasubiri. Uso ulipanda polepole kutoka kwenye weupe. Makunyanzi ya macho. Jino lililopachikwa. Alama za saa ya dhahabu. Lenzi ya friji ilikuwa imeona kila kitu.

Halafu kikapanda kitu kingine. Nyuma ya bega la Jethro, kivulini kibarazani, meza ya chai, na mezani mtu. Lenzi ilikuwa imemlenga Jethro, kwa hiyo yule wa nyuma alikuwa laini, kingo zake zimelegea. Lakini alikuwa na kofia ya pama yenye utepe. Na alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimesimama wima, hakikunjiki, kama kilivyokuwa tangu alipoanguka mnazini utotoni. Yeyote aliyewahi kunywa chai na Diwani Mwinga anakijua kidole kile.

Concepta akakaa chini sakafuni. Walikuwa wakinywa chai. Kila bamvua, walikuwa wakinywa chai wakitazama.

Mwendesha mashtaka wa safari hii alikuwa mwingine, Inspekta Christabel, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Alizitazama picha zote kwa kioo cha kukuza, akazirudisha kwenye bahasha, akafunga bahasha kwa gundi.

"Nani mwingine ameziona hizi?"

"Mama Mbodze tu."

"Usimwonyeshe mtu. Hata padri wako. Waache waape kwanza."

Wakaapa. Machi ya tisini na tisa, mahakama ileile, Jethro akashika Biblia akasema asubuhi ile ya Oktoba alikuwa Nairobi. Diwani Mwinga naye akashika akasema alizungumza naye kwa simu, yeye mwenyewe akiwa nyumbani kwake mgonjwa wa tumbo. Uongo uleule, ila safari hii walikuwa wameuongezea tumbo.

Ndipo Christabel akamwita Concepta, na bahasha ikafunguliwa.

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, lenzi iliyotumika ni ya bei ya chini kabisa. Kila mpiga picha wa Diani anaicheka. Ninaye mtaalamu hapa."

Mtaalamu alikuwa Austine, katika tai ya kuazima; habari za bomba la Concepta Ukunda yote ilizijua, picha zenyewe tu ndizo zilikuwa siri. Alipanda kizimbani bila kumtazama Concepta.

"Kwa lenzi kama hii," wakili akauliza, "mtu aweza kutambulika kwa hatua mia na sabini?"

Austine alikuwa amekuja na jibu lake kutoka nyumbani. Alipewa picha. Akaitazama. Akaomba kioo, akaitazama tena. Akaomba utepe wa filamu, akaupitisha kwenye mwanga wa dirisha, picha moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, na watu wakaanza kukohoa.

"Nilisema haiwezi," akasema hatimaye. "Nilimcheka huyu dada. Mheshimiwa, hii imepigwa na mtu anayejua anachofanya. Huyu ni Bwana Jethro. Hata hiyo saa naijua, nimempiga picha nayo hotelini mara kumi."

Wakili akaruka. "Lakini ni kweli, au si kweli, kwamba lenzi ndefu hudanganya umbali? Kwamba huvuta vitu vilivyo mbali vikaonekana viko karibu?"

"Ni kweli."

"Basi!"

Hakimu akavua miwani. "Wakili, inavuta kibaraza kuja ufukweni. Inaweza kumvuta mtu kutoka Nairobi mpaka Mwabungo?"

Mahakama ikacheka. Concepta hakucheka. Alikuwa akihesabu tena, uso kwa uso, kiti kwa kiti, akifuta madeni.

Jethro alipewa miezi minane, na mbwa wakachukuliwa. Alipotolewa nje na pingu, saa ya dhahabu ikiwa tayari kwenye bahasha ya askari, Concepta alikuwa kwenye ngazi na kamera yake yenye lenzi fupi, ya harusi na vitambulisho. Hatua moja tu.

"Uliniambia nisogee karibu," akamwambia. Akabonyeza.

Utamu huo ulikuwa mkubwa, usidanganywe na watu wasemao kisasi hakina ladha. Kina ladha ya chumvi na ndimu. Lakini Mbodze, aliyekuwa amesimama palepale na fimbo yake, hakutazama gari la polisi. Alikuwa akimtazama Diwani Mwinga akiteremka ngazi, pama kichwani, akisalimiana na watu mkono kwa mkono, na watu wakiupokea.

Kwa maana Diwani naye ameshitakiwa kwa kuapa uongo, naye ana jibu. "Yule mzee wa pichani si mimi," anasema. "Pama kama ile zinauzwa soko la Ukunda." Hapo ndipo lenzi ya bei ya chini ilipofika mwisho wake, na Concepta halifichi hilo. Ukiilenga usoni pa mtu itakupa uso. Wa nyuma yake itakupa kivuli chake, kofia yake na kidole chake, na zaidi ya hapo haina. Kamera imemaliza kazi. Iliyobaki ni ya mdomo wa binadamu. Christabel anataka watu watatu wanaomjua Diwani waje waitazame picha na kusema ni nani. Wanawake wa pweza hawatoshi. Wakili amekwisha kusema wana kisasi, na ni kweli wanacho, wanacho cha kutosha kugawia wilaya nzima. Na ni Diwani anayelitetea lango la Jethro katika baraza la madiwani; ufunguo wake uko mfukoni mwake. Akiponyoka, njia imekwenda.

Wewe umekunywa naye chai. Kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye kampeni alipokupa sukari na leso. Umekaa mkabala na kidole kile, ukakitazama kikisimama kila akinyanyua kikombe. Kesi inatajwa Jumatatu, na leo ni Ijumaa. Inspekta Christabel yuko ofisini Kwale mpaka saa kumi, picha namba kumi na saba iko mezani pake, na pembeni yake karatasi yenye mistari mitatu isiyoandikwa jina. Inuka. Acha hicho unachokifanya. Panda gari, nenda, itazame ile picha, na utaje jina lake kwa sauti.